Huyo Uliyemcheka, Ulishika Jembe?

Kwa miaka saba nilisoma taarifa ya habari ya usiku katika redio moja ya Dar es Salaam. Zamu ilianza saa nne usiku, na kuanzia saa tano mpaka saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa na dakika tano za kusoma kila ilipotimia saa kamili. Dakika tano zinaonekana chache. Lakini basi likipinduka, au mtoto akiokotwa kichakani, au mume akimuua mkewe, habari hiyo haisomwi mara moja ikaisha. Inasomwa saa tano, saa sita, saa saba, mpaka jogoo wanawika. Mtu mmoja nilimzika mara nane kwa usiku mmoja, na kesho yake nikaanza na mwingine.

Studio tulikuwa wawili, mimi na fundi mitambo, kijana wa Tanga mwenye sauti ya taratibu ambayo ingefaa kusoma habari kuliko yangu. Kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha sauti, kuweka nyimbo, na kuniwashia taa nyekundu. Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyempangia, ilikuwa kunichekesha taa ikizimwa. Tulikuwa pia tunasoma matangazo ya vifo, na usiku mmoja orodha ilikuwa ndefu mpaka ikanikausha koo. Nilipomaliza akavua vipokea sauti akaniambia, "Dada, nakuusia. Nikifa usinisome saa nane usiku. Watu wamelala, nani atachanga? Nisome saa moja jioni, rambirambi iingie."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Ukimsimulia mtu wa nje ataona tuna roho ngumu, kwamba tumetoka kutaja majina ya marehemu kumi na mbili tukaangua kicheko. Mimi najua nilichokuwa nacho kifuani dakika ile. Pumzi ilikuwa imekwama tangu jina la nne, mtoto wa miezi minane, na kile kicheko ndicho kilichoitoa. Bila hicho, taarifa ya saa tisa nisingeisoma.

Wahenga wetu walilijua jambo hili vizuri. Msemo wa kifo cha wengi harusi tunaurusha kila siku bila kuusikiliza. Ni msemo wa kutisha ukiutazama, kifo kimeitwa sherehe. Aliyeusema kwanza hakuwa mtu wa kubeza maiti. Nadhani alikuwa amezika wengi mno kwa wakati mmoja, akakosa neno lingine.

Nyumbani nako sikuacha. Nilikuwa napanda daladala ya alfajiri kuelekea Tabata, hedifoni masikioni, nikisikiliza mikasa ya mauaji inayosimuliwa kwenye simu. Daktari wa Uingereza aliyewaua wagonjwa wake, mwanamke wa Marekani aliyewatilia waume zake sumu, na wengine wengi wa namna hiyo. Mama yangu alipojua alishangaa. "Mwanangu, usiku kucha unasoma maiti, asubuhi unazitafuta tena?" Sikuwa na jibu wakati ule. Baadaye nililipata. Ile mikasa ina mwisho. Unajua kabla hujaanza kwamba muuaji alikamatwa, jina lake lipo, kifungo chake kipo, msimulizi atafunga hadithi kabla hujashuka kituoni. Habari nilizosoma mimi zilikatika katikati. Mtoto amepotea, polisi wanaendelea na uchunguzi, na sasa hali ya hewa. Nilikuwa nasikiliza mauaji ya mbali ili nipate mwisho ambao mauaji ya karibu hayakunipa.

Kisha ikaja Njombe.

Mama yangu ni Mbena wa Njombe, baba alikuwa Mhehe wa upande wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mpaka mwaka 2012 Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, kwa hiyo kwetu sisi hayo majina mawili ni nyumba moja yenye milango miwili. Mwishoni mwa Januari 2019 habari za watoto waliopotea na kukutwa wameuawa Njombe ziliingia kwenye meza yangu. Dk. Faustine Ndugulile, aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya, alitaja miili 10. Ilisemwa wazi kwamba ni mambo ya imani za kishirikina, watu kudanganywa kuwa kiungo cha mtoto kinaleta utajiri. Mama mdogo wangu ana watoto watatu huko. Alinipigia akasema siku hizi anawasindikiza shule mwenyewe, ukungu bado umefunika chai, na anasimama getini mpaka waingie darasani. Usiku ule ule nikaingia studio nikasoma "watoto wa Njombe" kama ninavyosoma bei ya korosho, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, msomaji hatii machozi yake kwenye habari.

Taarifa ya saa saba, nikiwa katikati ya sentensi, umeme ulikatika. Jenereta lilichukua kama nusu dakika kuwaka. Kwenye giza nikasikia sauti ya yule kijana wa Tanga, polepole, "Hata umeme umekataa kusikia."

Sikucheka kwa sauti. Ila mabega yalilegea, na taa zilipowaka nikaona naye anafuta macho.

Ilinichukua muda kugundua jambo moja kuhusu yule kijana. Wiki zote zile za Njombe alitania kila kitu. Alimtania mlinzi wetu, jenereta, birika la chai lililokuwa likivuja, kifo chake mwenyewe na changu. Watoto wale hakuwagusa hata mara moja. Utani wake ulikuwa unazunguka pembeni yao kama watu wanavyozunguka mkeka uliolaliwa na mgonjwa. Mimi sikuwa makini kiasi hicho, na hilo nitalieleza.

Kwanza nimtaje Mtani.

Wahehe na Wangoni walipigana vibaya katika karne ya 19. Damu ilimwagika pande zote mbili, na kama ilivyotokea kwa makabila mengi ya nchi hii, wajukuu wa waliochinjana wakawa watani. Mtani ana ruhusa ambazo ndugu yako hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kuku wako akapita naye mlangoni unamwona. Na msibani kwako ndipo ruhusa yake inapokuwa kubwa kuliko zote. Kwetu kijijini alikuwepo mzee mmoja Mngoni, alihamia zamani akaoa hapo. Tulimwita Mtani tu, hata watoto. Alipenda kutuambia kwamba Wahehe hatuna lolote, hata fuvu la chifu wetu lilitangulia kwenda Ulaya kabla yetu. Alikuwa anamsema Mkwawa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakachukua kichwa chake. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na sasa liko kwenye makumbusho pale Kalenga, tunapita karibu nalo tukienda gulioni. Sisi tulimjibu kwa habari za Wangoni na panya wa kuchoma, na yeye alicheka zaidi yetu.

Baba alifariki Machi 1998. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kanuni, mwenye baiskeli ya Phoenix na koti moja la kijivu alilovaa mvua au jua. Alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili nje ya mlango kabla ya kuingia nyumba yoyote, hata yake, ili waliomo wajiandae. Kho, kho. Ukilisikia hilo unaficha ulichokuwa unakifanya.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa limeletwa uani na mama akiwa siku ya tatu hajatia kitu mdomoni, tulisikia nyuma ya nyumba, kho, kho. Mama aliinua kichwa kama aliyechomwa. Kona ya nyumba akatokea Mtani amevaa koti la baba, anakokota baiskeli ya baba, anatembea kwa mwendo wa baba, bega moja chini. Akazunguka akikagua waombolezaji, akawauliza wazee kwa nini hawakuchomekea mashati. Akamwambia katekista hajafuta ubao. Kisha akasimama mbele ya jeneza akanyoosha mkono, "Hazikwi mtu hapa. Huyu alikunywa ulanzi wangu msimu mzima, hajalipa. Leteni deni langu kwanza."

Nilitaka kumrukia. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshaokota jiwe. Lile koti lilikuwa bado lina harufu ya baba, na mzee mmoja Mngoni alikuwa analifanyia mchezo. Nikamtazama mama ili anipe ruhusa. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika, na kwa muda nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Machozi yanashuka, anacheka, na alipoishusha kanga alisema kwa sauti iliyokauka, "Mpeni huyo mwizi hela yake." Watu wakatupa sarafu kwenye ungo. Baada ya mazishi mama aliomba uji. Bakuli zima.

Nililiacha jiwe, lakini nilikaa na lile jambo miaka mingi bila kulielewa. Nilibaki na tafsiri rahisi, kwamba ukicheka msibani maumivu yanapungua, basi cheka. Nikaenda nayo Dar es Salaam, nikaingia nayo redioni, na kila mzaha wa kifo uliopita mbele yangu niliupokea kwa mikono miwili. Nilijiona mrithi wa utamaduni.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, si mbali na stendi ya mabasi. Watu wakaja na madumu kuchota. Moto ukalipuka. Siku ile walihesabiwa zaidi ya sitini, na siku zilizofuata idadi ilipita mia moja, kwa sababu walioungua waliendelea kufariki hospitalini. Wengi walikuwa vijana, na miongoni mwao waendesha bodaboda.

Kufikia jioni mizaha ilikuwa imejaa kwenye simu. Mmoja ulinifikia nikiwa najiandaa kwenda kazini. Sitauandika hapa, ulihusu dumu na bei ya lita. Nilicheka. Nilikuwa nimeshapewa habari ile niisome usiku kucha, nilikuwa naiogopa, na ule mzaha uliifanya iwe ndogo, ikawa kitu cha watu wajinga walioponzwa na tamaa, watu wasiofanana na mimi. Nikaurusha kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi. Vikaragosi vya kucheka machozi vikaanza kujipanga chini yake, kimoja, viwili, mpaka tisa.

Kisha mhasibu wetu, dada mkimya ambaye huandika kwenye kikundi siku ya mshahara tu, akaandika, "Mdogo wangu yuko Muhimbili. Wa bodaboda. Alikuwa amempeleka abiria stendi."

Nikafuta ule mzaha. Mahali pake pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na chini yake maneno ya yule dada yakabaki peke yake. Nadhani hicho ndicho kitu kilichoniumiza zaidi, kwamba anayefungua kikundi sasa ataona maneno yake yamening'inia bila kujua yalikuwa yanajibu nini, lakini yeye anajua, na mimi najua, na wale tisa wanajua.

Jumatatu nilikwenda mezani kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka Tabata, na nilipofika nikasema tu, "Nisamehe, dada yangu." Alikuwa anahesabu risiti. Hakuacha kuhesabu. Alisema, "Hata mimi ningecheka kama lisingekuwa langu." Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana nimelibeba mpaka leo. Wiki iliyofuata mdogo wake alifariki. Nilichanga rambirambi, nikaongeza juu ya kiwango tulichokubaliana. Msafara wa kwenda Kilosa kuzika sikwenda, kwa sababu nilikuwa na zamu.

Toka hapo nikafunga mdomo. Nikaona kwamba kumbe kifo si cha kuchekwa, nimejidanganya miaka yote. Kijana wa Tanga alirusha mizaha yake nikawa naitikia kwa "mmh." Ikapita wiki mbili, tatu. Usingizi ukaanza kukatika. Nilikuwa naamka saa sita mchana nikiwa nimeota nasoma taarifa na majina yote ni ya nyumbani kwetu. Sikuwa mtu bora kwa kule kununa. Nilikuwa mtu aliyejaa.

Desemba nilikwenda nyumbani kwa Krismasi. Mtani alikuwa amezeeka, macho yameingia utando, lakini alikuwa amekaa nje kwake na ulanzi wa kwanza wa msimu. Akanipokea kwa matusi kama kawaida, akaniuliza kama Wahehe wa Dar wameshajifunza kuvaa viatu. Nikakaa. Nikamweleza yote, Njombe, lile lori, ule mzaha, dada wa uhasibu. Nilimweleza kwa urefu, na yeye ni mtu asiyemwacha mwingine aongee kwa urefu.

Nilipomaliza akauliza, "Huyo uliyemcheka, ulishika jembe?"

Sikumwelewa.

"Kaburi lake. Ulichimba?"

Nikamwambia kwamba mazishi yenyewe sikwenda.

Akanyamaza akinywa. Kisha akasema kitu ambacho katika miaka ishirini na moja sikuwahi kukijua, kwa sababu alfajiri ya siku ya mazishi ya baba mimi nilikuwa ndani na wanawake. Kwamba kaburi la baba yeye ndiye aliyelianza. Aliamka kabla ya jogoo, akaenda na vijana wawili, udongo wa Machi ukiwa mzito kwa mvua. Alichimba mpaka ngozi ya viganja ikatoka, kisha akanawa, akaja nyumbani, akamwomba mama mkubwa koti. "Lile koti nililivaa mikono yangu bado ina udongo wake," alisema. "Ungenipiga lile jiwe ungenionea." Kumbe aliliona.

Akaendelea kunieleza kwamba usiku ule wa msiba yeye ndiye aliyelinda moto wa nje. Na kwamba baada ya arobaini alipita kwetu kila Jumapili kwa miezi kadhaa kuja kudai lile deni la ulanzi, na mama kila Jumapili alitoka nje kumfukuza. Hilo nililikumbuka. Nililikumbuka kama kero. Sikuwa nimefikiri kwamba kila Jumapili kulikuwa na mtu anayemtoa mama ndani.

Niliporudi kazini nilianza kuutazama mzaha kwa jicho hilo. Yule kijana wa Tanga, kwa mfano. Usiku wa Njombe alikaa na mimi saa nane nzima akisikia kila nilichosoma, hakuvua vipokea sauti hata pale ambapo angeweza. Alikuwa shimoni pamoja nami, udongo mikononi, na ndiyo maana mzaha wake uliniponya. Ule wa Msamvu uliandikwa na mtu aliyekaa kwenye kochi. Mimi niliyeusambaza nilikuwa kwenye kochi pia. Na aliyeandikiwa alikuwa wodini, hawezi kujibu. Mtani anapokutukana wewe unaweza kumrudishia panya wake. Aliyeungua anarudisha nini?

Ile mikasa ya kwenye simu nayo ikabadilika. Sikuiacha, ningesema uongo. Lakini wasimulizi wengi huweka kichekesho penye mwili wa mtu, anaeleza mwanamke alivyokatwa kisha anachomeka mzaha kuhusu mapishi, na siku hizi nikifika hapo nazima. Si kwa utakatifu. Ninamwona dada wa uhasibu akihesabu risiti. Yule mwanamke wa Marekani naye ana dada yake mahali fulani, na yule dada ana simu.

Na tulirudi kucheka, mimi na fundi mitambo. Tulicheka sana. Mwaka 2020 bila vicheko vile sijui tungeupitaje, kila jioni nilikuwa nakuta orodha ya matangazo imeongezeka, na yeye alikuwa ameshaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri kabisa, tangazo la kifo chake lililo tayari kusomwa, likiwa na nafasi ya kujaza tarehe na namba ya simu ya kupokelea michango. Alilibandika nyuma ya mlango wa studio. Nilipokuwa nashindwa, nilikuwa nalitazama.

Juni 2021 nilipigiwa simu nikiwa studio, dakika kumi kabla ya taarifa ya saa sita usiku. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amejiua. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Ilivyokuwa sitaandika. Nitasema tu kwamba wakati huo huo, simu ikiwa bado sikioni, akili yangu ya kazi iliipanga ile habari kwenye sentensi moja ya maneno tisa, ikaweka nukta, ikaenda kwenye hali ya hewa. Yule kijana alinichukua karatasi mkononi. Taarifa ya saa sita aliisoma yeye, na ya saa saba, na zote mpaka asubuhi.

Msomaji wa Tanzania anajua utani mkubwa wa Wahehe ni upi. Kwamba Mhehe akiudhiwa tu anajiua. Nimeutaniwa shuleni, chuoni, redioni, kwenye daladala mtu akisikia ninakotoka. Mtani mwenyewe alikuwa ameusema mbele yangu labda mara mia, hata baba akiwa hai, na baba alicheka. Basi la kwenda Iringa nililia kwa mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hilo. Nilikuwa nakwenda kwenye msiba ambao utani wake ulishaandaliwa kabla marehemu hajazaliwa.

Iringa mwezi wa Juni ni baridi kali. Watu walikuwa wamejifunika mablanketi uani, moshi umelala chini. Padre alikuja, akasali, na kwa hilo tulimshukuru sana mama na mimi. Mtani alifika mchana akiongozwa na mjukuu wake, fimbo mkononi. Akaanza. Akalalamika wali wa Wahehe una mawe. Akakalia kiti kilichowekwa kwa diwani akakataa kuondoka, akisema yeye ni mtu mzima na diwani anaweza kuchaguliwa tena mahali pengine. Akawatoza shemeji zangu wa Dar es Salaam shilingi elfu tano kila mmoja, ushuru wa kuingia kwenye baridi bila sweta. Watu walikuwa wanacheka, kwanza kwa woga, kisha vizuri.

Mimi sikucheka. Kila alipofungua mdomo nilikamata pindo la kanga nikalikunja. Nilikuwa nalisubiri lile moja. Saa nane, saa tisa. Hakulisema. Kijana mmoja wa kwao, Mngoni mgeni, alianza, "Lakini hawa Wahehe nao..." na Mtani akampiga fimbo ya mguu kabla hajamaliza, bila kumgeukia, akaendelea na habari za wali.

Makaburini jeneza likashushwa karibu na kaburi la baba. Watu wakanyamaza. Upepo wa kule unajulikana, unapita kwenye miti kama maji. Mtani akamwachia mjukuu wake fimbo, akasogea mpaka ukingoni peke yake, nikaona ameshusha bega moja.

Kho, kho.

Mama aliyekuwa ameshikwa na wanawake wawili akasimama mwenyewe.

"Wewe," Mtani alisema kule chini, kwa sauti ya baba, ile ya darasani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu 1998. "Kengele haijalia. Nani amekuruhusu kutoka?"

Hakuna aliyepumua.

"Haya. Umeshakuja. Njoo ukae hapa mbele, karibu na mimi."

Sijui jina la sauti iliyotoka kwa watu. Haikuwa kilio na haikuwa kicheko, ilikuwa imetoka mahali ambapo hivyo viwili havijagawanyika. Nilijisikia na mimi nimo ndani yake, mdomo wazi, machozi yanaingia.

Mtani akanyoosha mkono, mjukuu akampa jembe. Akavuta udongo wa kwanza, kidogo, kadiri mikono yake ilivyoweza. Kisha akamgeukia mama, kiganja wazi.

"Elfu mbili," alisema. "Ulanzi wa mume wako. Deni halijaisha."

Mama akafungua fundo la kanga, akatoa noti, akamlipa.